Maharagi ya Siku ya Nane

Mama mmoja azae watoto wangapi ndipo wewe uache kumwogopa?

Usinijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, tena kwa sauti, mbele ya watu kama thelathini, na jibu langu lilikuwa na tarakimu sahihi kabisa. Mtoto mmoja alikaribia kukosa jina kwa sababu ya tarakimu zile. Lakini hii si habari yangu. Ni habari ya mama aliyemzaa mtoto huyo.

Nilimkuta Walikale, mwezi wa tatu mwaka huu, nyuma ya nyumba ya Papa Pierre, akimenya muhogo. Mkono mmoja ulishika kisu na muhogo kwa pamoja, sijui kwa ufundi gani. Mkono wa pili ulikuwa umebana kiuno, pale chini ambapo mimba ya miezi tisa huelemea. Aliitwa Mukandayisenga. Mimi nilikuwa nimetumwa na ONG moja ya Goma, shirika la misaada, nikiwa na diploma yangu mpya ya sosiolojia na rundo la fiche, karatasi za maswali, niwaulize akina mama waliokimbia vita Masisi: umezaa mara ngapi, unasali wapi, nyumbani mnasema lugha gani, watoto wako wanaoa na kuolewa na nani.

Nilianza na swali la kwanza. Hakuinua macho.

“Andika yenye unapenda, kaka,” alisema. “Ukiandika tatu, hawatakuamini. Ukiandika kumi, njo watafurahi.”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alitupa muhogo ndani ya beseni na kuchukua mwingine.

Alizaliwa mlimani juu ya Kingi, karibu na Masisi centre. Babu yake aliletwa kule kutoka ng'ambo ya mpaka wakati wa Wabelgiji, juu ya lori, na jembe moja na blanketi moja, akaambiwa: ardhi ndiyo hii. Hakuna aliyemuuliza kama anapenda kuja, na hakuna aliyewauliza waliokuwapo kama wanapenda aje. Hapo ndipo ninaposhindwa kunyamaza. Babu akafa, baba akafa, mjukuu akazaa, na mjukuu huyo bado anaitwa mgeni na mtu ambaye yeye mwenyewe amehamia avenue hii, mtaa huu wa Walikale, juzi kutoka kijiji cha mbali. Tunahesabu miaka ya watu wengine kwa kipimo kimoja na ya kwetu kwa kingine, kisha tunaingia kanisani na kuimba kwamba sisi ni watoto wa Baba mmoja.

Yeye hakusema hivyo. Yeye alisema tu kwamba Kingi walilima maharagi na muhogo, kwamba nyumbani walisema Kinyarwanda, sokoni Kihunde, kanisani Kiswahili, na mbuzi walifukuzwa kwa lugha yoyote iliyofika mdomoni kwanza. Alisoma hadi mwaka wa tano wa msingi. Akiwa na miaka kumi na saba aliolewa na Sebahire, mtu mwembamba, wa maneno machache, ambaye hakosi misa hata akiwa na homa.

Alizaa mara tisa. Nilipata tarakimu hiyo siku ya tatu, si ya kwanza. Watatu wamezikwa Kingi: mmoja kwa surua, mmoja alizaliwa kimya, mmoja alianguka njiani walipokimbia mara ya kwanza, wakarudi naye amefunikwa kitenge. Sita wako hai, mkubwa wao Gentille, msichana wa miaka kumi na tano. Na huyu tumboni angekuwa wa kumi.

“Padri alitufundisha njia ya kuhesabia siku,” alinieleza. “Nilikuwa na kalenda kwa ukuta. Nilikuwa naweka alama na makaa. Kisha nyumba ikaungua. Kalenda nayo.”

“Na baadaye?”

“Baadaye nini? Sebahire anasemaka Mungu njo anatoa. Mi sikatae. Lakini Mungu anatoa, mi njo nabeba.”

Alikimbia mara tatu. Mara ya tatu aliacha maharagi jikoni yakichemka, na jambo hilo lilimuuma kuliko mlango aliouacha wazi. Walifika Sake, wakakaa chini ya turubai, vita vikafika Sake pia. Sebahire alitangulia Walikale kubeba mizigo, akakutana na Papa Pierre, mzaliwa wa msitu wa huko, mwenye shamba la migomba na midomo mikali. Pierre alimwazima sehemu ya nyuma ya uwanja wake ajenge. Kati ya uwanja na uwanja kulikuwa na ua wa miti, na ndani ya ua Mamy, mke wa Pierre, alikata nafasi ya kupita mtu mmoja. Kupitia nafasi hiyo, siku ya kwanza, alipitisha sufuria isiyo na mfuniko.

“Mufuniko utajitafutia,” Mamy alimwambia. “Mi siko Caritas ya kugawa vyombo.”

Miaka miwili walitwanga pamoja sombe, majani ya muhogo. Mamy ni mnene, kicheko chake kinasikika hadi barabarani, na yeye pia amezaa mara tisa. Sitasema wangapi wako hai. Utaona kwa nini.

Lakini kisimani maneno mengine yalikuwa yakitembea. Nimeyasikia kwa masikio yangu, yakisemwa na wanawake wenye rozari shingoni: “Bale banazala sana. Kesho batoto yabo itapita yetu, njo batasema mulima ni yabo, musitu ni yabo.” Kanisani, waliotoka Masisi walikaa mabenchi ya nyuma. Hakuna aliyewapanga pale. Mukandayisenga alisema benchi la nyuma ni zuri kwa mwenye mtoto mchanga, unatoka bila kusumbua watu. Alikuwa ameshachoka kutafuta maana nyingine.

Alijifungua Alhamisi asubuhi, mtoto wa kiume. Na sasa ndipo linakuja jambo lenyewe.

Kwao, siku ya nane mtoto hupewa jina, na jina halitoki kwanza kwa wakubwa. Wanaitwa watoto wa jirani. Wanapewa vijembe, wanalima kidogo mbele ya mlango, wanachimbachimba tu, mtu mmoja anawanyunyizia maji kana kwamba ni mvua, wao wanakimbilia ndani. Wanaandaliwa maharagi na mboga juu ya jani la mgomba, wanakula kwa mikono, wamekaa chini. Kisha kila mmoja anatoa jina lake kwa mtoto, hata la kipumbavu. Baba anasikiliza yote, na baada ya hapo ndipo naye anasema lake, au anachukua mojawapo. Gentille, alipozaliwa Kingi, watoto wa Wahunde wa mlima ule walijaa nyumba, na mmoja akampa jina la mbuzi wao mweupe. Hadi leo mama yake akimkasirikia humwita hivyo.

“Batoto yangu peke yabo haifai,” alinieleza, akichagua maharagi kwenye ungo. “Bale ni wenye nyumba. Ni ba inje njo banapokea mutoto. Kama ba inje hawakule, mutoto iko kama mwenye amepita tu.”

Kulikuwa na sehemu moja zaidi. Wakishashiba, watoto hujipangusa mikono kwenye mapaja ya mzazi, juu ya kitenge chake, mafuta na yote. Maana yake: uzae tena.

“Mwaka huu bajipanguse kwa majani,” alisema. “Nitawaambia. Mi nimetosha, kaka.”

Ubatizo ulipangwa Jumapili. Katekista alitaka jina Ijumaa kabla ya saa sita, la sivyo mtoto angesubiri hadi Agosti, na Mukandayisenga hakuwa tena mtu wa kuamini Agosti. Mtoto wake aliyezaliwa kimya hakuwa amebatizwa. Hilo alinitajia mara moja, akageuza mazungumzo.

Sasa kosa langu. Jumatano, siku moja kabla ya siku ya nane, kulikuwa na sala ya shirika, lile kundi la wakristo wa mtaa wanaosali pamoja kila juma, na zamu ilikuwa uwanjani kwa Papa Pierre. Baada ya Injili wakaomba mwenye neno. Mimi nilikuwa na neno. Nilikuwa nimepita nyumba zote za avenue na fiche zangu. Nilisimama nikasema kwamba maneno ya kisimani ni uongo na ninaweza kuthibitisha. Nikasema: mama huyu wa Masisi amezaa mara tisa kabla ya huyu, watatu wamekufa, sita wapo. Mama huyu wa hapa, nikamwonyesha Mamy kwa kidole, amezaa mara tisa pia. Nikataja waliokufa. Kisha nikahesabu waliobaki, mmoja mmoja, kwa kidole, walikuwa wamekaa mkekani mbele yangu. Tarakimu ni karibu zilezile, nikasema. Basi woga uko wapi?

Hakuna aliyepiga makofi. Mamy alikuwa amemvuta kitinda mimba wake na kumfunika uso kwa kitenge. Nilidhani mtoto ana usingizi.

Alhamisi, saa tisa mchana, jani la mgomba lilitandazwa, maharagi yaliiva, vijembe vitano vya kuazima vilipangwa mlangoni. Mukandayisenga alikaa kwenye mkeka na mtoto mapajani, amevaa kitenge cha harusi. Gentille alitumwa avenue nzima kuita watoto. Alirudi peke yake.

“Banasema banakuja?” mama yake alimuuliza.

“Banasema bako na kazi.”

“Batoto ya miaka ine bako na kazi gani?”

Gentille aligeukia ua. Nyuma ya ua tuliona vichwa, vidogo, vikichungulia kupitia majani. Harufu ya maharagi iliwafikia. Kisha sauti ya mtu mzima ikaita, na vichwa vikapotea.

Sebahire alisimama mlangoni. “Tumupe tu jina,” alisema. “Hawa sita watakula. Mungu anaona.”

“Mungu anaona, lakini haishi kwa hii avenue,” mke wake alijibu. “Kama hakuna wa inje, basi. Nitamubatiza Agosti. Ao atakaa hivi.”

Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akimkatalia mumewe neno. Hakupandisha sauti. Nilisema nitakwenda kuwaelewesha majirani.

“Kaka, kaa chini,” alisema. “Umesema ya kutosha.”

Sikukaa. Nilipita katika nafasi ya ua. Papa Pierre alikuwa akinoa panga kwenye jiwe. Nyuma yake Mamy alitwanga sombe.

“Papa Pierre, watoto wanaitwa kula tu.”

“Weye mutu ya chuo, universitaire,” alisema bila kuacha kunoa. “Ulihesabia batoto yangu mbele ya bantu. Na kidole. Nyumbani kwangu. Ng'ombe njo banahesabia hivyo, kama banataka kuuza.”

 Nilikulia Sake, nilijua kabisa kwamba hatuwahesabu watoto wa mtu hadharani, bibi yangu angenipiga kwa hilo. Miaka mitano ya chuo ilikuwa imelifunika.

“Nisamehe, Papa. Lakini yule mama hana kosa.”

“Sijasema iko na kosa. Nilimupa fasi ya kujenga, mi ao weye? Lakini naona hivi: weye unaandika hesabu ya batoto yabo. Kisha banaita batoto yetu bakule kule, bataje majina. Majina inaingia kwa fiche. Kesho ofisi itasoma: ba Masisi bako na batoto makumi ine hapa. Njo bataomba fasi ya bantu makumi ine.”

“Fiche zangu hazina majina hata moja.”

Aliacha kunoa, akanitazama kwa mara ya kwanza, kwa huruma karibu. “Fiche yenye haina majina inafaa nini?”

  Mchi wa Mamy ulikuwa ukipiga kinu kwa nguvu kuliko sombe inavyohitaji.

“Wangu hawaendi,” Pierre alisema. “Na kama wangu hawaendi, hakuna wa mutu ataenda.”

Nilirudi nikawaambia ukweli wote, kwamba kosa ni langu. Sebahire aligeuka akatazama ukuta. Mukandayisenga alinisikiliza hadi mwisho, akimnyonyesha mtoto, kisha akamwambia Gentille afunike maharagi kwa jani.

“Hatukule?” mdogo mmoja aliuliza.

“Mutakula muhogo. Hii ni ya bageni.”

Alisema neno hilo hivyohivyo, bageni, bila uchungu wowote, na macho yake yalikuwa yameshafumba nusu. Nilimtazama na kuona kwamba hakuwa na hasira nami. Ningependa awe nayo. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyebeba mzigo hadi mlimani, akaambiwa nyumba yenyewe iko mlima wa pili.

Kesho yake asubuhi, Ijumaa, nilikwenda kuaga. Pikipiki ilikuwa inanisubiri barabarani. Mvua ilikuwa imenyesha na matope yalikuwa mapya. Mukandayisenga alikuwa palepale kwenye mkeka, kitenge kilekile. Sebahire alikuwa akifunga kamba za viatu aende kwa katekista kumwambia hakuna jina.

Mamy alipita katika nafasi ya ua, akijibana upande, maana yeye na nafasi ile hawalingani. Mkononi alikuwa na kijembe cha mtoto, kipini kifupi kama kijiko. Hakumsalimia mtu. Aliinama mbele ya mlango akachimba mara tatu kwenye matope, akahema, akainua kichwa.

“Sasa mvua iko wapi? Mutaninyeshea ao nikauke hapa?”

Alimgeukia msichana mkubwa.

“Gentille! Weye njo mukubwa, ama ni mimi?”

Gentille alichota maji kwa kikombe akamnyunyizia. Mamy akapiga kelele kama mtoto, akakimbia, mwili wote ukikimbia naye, akaingia ndani akajitupa chini, miguu ameinyoosha mbele.

“Chakula,” alisema.

“Mama Mamy,” Sebahire alisema polepole, “hii ni ya batoto.”

“Na mimi nilizaliwa na jiwe? Mama yangu iko pale Kibua, nenda umuulize. Bwana yangu alikatalia batoto yake. Mimi siko mutoto yake.”

Mukandayisenga aliondoa jani juu ya maharagi. Yalikuwa ya baridi, mafuta ya mawese yameganda. Mamy alikula kwa vidole, kwa haraka, na mashavu yakijaa, kama watoto wanavyokula wanapoogopa wakubwa zao watafika. Wale sita walisogea wakaanza kula naye, na hakuna aliyewazuia.

“Jina,” Sebahire alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Mamy alinielekezea kidevu. “Mumuite Fiche.”

Gentille ndiye alianza kucheka, kisha wadogo. Mukandayisenga aliinama juu ya mtoto na mabega yake yakatikisika. Kwa muda sikujua kama anacheka.

“Ao hapana. Fiche itamuletea mambo.” Mamy alimeza, akamtazama mtoto vizuri. “Tulizo. Hii avenue inahitaji mwenye kutuliza. Na mama yake pia.”

“Tulizo,” Sebahire alirudia. Akasimama, kamba ya kiatu kimoja bado haijafungwa, akatoka kwenda kwa katekista, akilisema jina lile mara kwa mara njiani asije akalipoteza.

Mamy alikuwa amemaliza. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa mawese hadi kwenye viungo. Aliinyoosha juu ya mapaja ya Mukandayisenga, kama inavyotakiwa, na kitenge cha harusi kilikuwa hapo chini ya vidole vyake.   Mukandayisenga alimtazama tu jirani yake usoni. Mamy akairudisha mikono. Akavuta kipande cha jani la mgomba, akajipangusa kidole kimoja kimoja, polepole, hadi vyote kumi.

Ng'ambo ya ua, Papa Pierre alikuwa akiuliza kwa sauti nani amechukua jembe la mtoto.